Ratili ya nyama si riba

Juzi nimeisikia tena, safari hii redioni. Bwana mmoja akilalamikia mikopo ya simu alisema wakopeshaji wanatoza "riba ya ratili ya nyama kama Shylock". Hasira yake naielewa. Ila Shylock, mkopeshaji katika tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, hakumtoza mdaiwa wake Antonio riba.

Riba ni ziada juu ya fedha iliyokopeshwa, mnayoafikiana tangu mwanzo. Neno ni la Kiarabu, asili yake kuzidi, kukua. Wazungu wa zamani walitumia la Kilatini, usura, lililotokana na kutumia: unalipia kutumia fedha ya mwenzio. Kanisa liliihesabu dhambi. Lakini wanasheria wao walitenga neno jingine, interesse, yaani fidia ya hasara ya mkopeshaji pale mdaiwa anapovunja ahadi. Usura haramu, interesse halali. Kichekesho ni kwamba hilo la pili ndilo Waingereza wanaloitia riba ya benki leo. Huko kwao, sheria ya 1571 iliweka adhabu kali kwa aliyevuka asilimia 10. Aliyebaki chini ya hapo alihatarisha riba yake tu.

Sasa itazame hati ya mkopo ya Shylock. Dukati (sarafu za dhahabu) 3,000, miezi mitatu, riba hakuna. Mtu aliyemchukia Antonio kwa kukopesha bure na kushusha kiwango cha riba Venisi, leo naye anajidai kukopesha bure, kwa urafiki! Nyama, yaani ratili moja ya mwili wa Antonio, ni adhabu ya kupitisha siku. Antonio angelipa kwa wakati, asingeongeza hata senti. Hati za namna hiyo zilikuwa za kawaida Uingereza, ila adhabu iliyozoeleka ilikuwa kulipa maradufu. Mahakamani Bassanio, rafiki yake Antonio, anatoa maradufu hiyohiyo, dukati 6,000, na Shylock anakataa. Mla riba gani huyo?

Huenda jina la tafsiri ya Nyerere ya tamthilia hiyo, ya 1969, Mabepari wa Venisi, nalo limechangia kosa hili, maana wengi hudhani bepari ni Shylock. Neno hilo tulilipata kwa Wahindi, na kwao ni mfanyabiashara tu. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni Antonio, mkopaji mwenyewe.

Turudi kwenye simu. Asilimia uliyoikubali wakati wa kukopa ndiyo riba. Faini ya kuchelewa ndiyo jamaa ya ile nyama. Kama yule bwana wa redioni alikuwa akilia na faini, basi hakukosea sana. Angeondoa neno moja tu.