Sumukuvu haiivi: tunayodanganyana kuhusu posho na karanga

"Moto huua kila kitu." Hiyo ndiyo kauli ninayoisikia zaidi hapa Kampala, na ndiyo inayoniuma, maana wengi wanaoiamini ni akina mama wapikao kwa uangalifu mkubwa. Moto huua vijidudu, kweli. Sumukuvu si kijidudu. Ni sumu inayoachwa na ukungu ndani ya mahindi na karanga, na joto la sufuria haliimalizi. Songa posho, yaani ugali wa mahindi, mpaka ukoko ushike chini, sumu bado imo. Haina harufu wala haionekani kwa macho. Anayeila miaka na miaka anajitafutia saratani ya ini, hasa akiwa na virusi vya homa ya ini aina ya B.

Wengine husema karanga mbovu zikisagwa hazina neno. Juzi sokoni nilimtazama mama mmoja akichambua karanga kwenye ungo. Zilizosinyaa na kubadilika rangi alizitia kwenye kopo. Nikafurahi, hadi nilipomuuliza kopo lile linakwenda wapi. "Hizo ni za kusaga, mwanangu. Kwenye binyebwa hazionekani." Binyebwa ni mchuzi wetu wa karanga za kusaga. Kuchambua kunapunguza sumu sana, lakini kama zilizochambuliwa ndizo zinazosagwa, tumefanya kazi bure.

Je, kilichoko sokoni si kimeshapimwa na serikali? La. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, hutoa alama ya ubora, ile ya herufi Q, kwa bidhaa zilizothibitishwa. Itafute kwenye pakiti ya unga. Karanga za kikombe na mahindi ya gunia hayana alama hiyo.

Kisha kuna suala la Kenya. Ilipozuia mahindi yetu Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, wengi walisema ni wivu wa biashara tu. Lakini kipimo ni chetu sote: kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, kwa sharti la kila shehena kuwa na cheti. Mimi nilisikitika kwa jambo jingine. Tulibishana kuhusu mahindi yanayovuka mpaka wa Busia kwenda Kenya, tukasahau yanayobaki, ambayo watoto wetu wanayala shuleni kila siku.

Na kwa mkulima anayedhani jua la siku mbili kwenye udongo mtupu latosha: anika juu ya turubai, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13.5. Kama huna mashine ya kupimia, chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, yarudishe juani.