“Hicho ni kijiwe, si ligi”: yanayosemwa kuhusu michezo ya mashoga, na ukweli wake

Mrushaji anautupa mpira kwa mkono wa chini. Unapanda kupita kichwa cha mtu mrefu, unakaa hewani kidogo, kisha unashuka taratibu mbele ya mpigaji. Ni mkubwa kiasi cha balungi dogo, na ukiudaka bila glovu, kiganja kitakuwasha mpaka kesho. Binamu yangu yuko besi ya tatu, moja ya vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, magoti ameyakunja, macho hayabanduki kwenye gongo. Mimi niko benchi na penseli. Zamu yangu ya kupiga bado, kwa hiyo najaza daftari la matokeo. Hii ni softiboli, ndugu ya besiboli, ya mpira wa polepole: wachezaji 10 uwanjani, vipindi 7, Jumapili asubuhi, katika mji wa Marekani ambako hata mwezi wa tano unatoka na koti. Ligi yenyewe ni ya mashoga na wasagaji. Binamu yangu ni shoga. Mimi si shoga. Siku ya kwanza niliitwa kwa sababu timu ilipungukiwa mtu mmoja, na sijaondoka.

Shangazi, mama yake, hutupigia simu kutoka Tanga kila Jumapili, kwetu mchana, kwake isha imeshapita. Siku hizi huanza kwa kuuliza kama tumeshinda. Mwaka ule wa kwanza swali lilikuwa jingine: “Mwanangu, wewe niambie ukweli. Huko ni mpira, au ni kijiwe cha kutafutana?” Nilimjibu kwa mkato, na baadaye nikaona aibu. Shangazi hakuwa anamtukana mtu. Alikuwa na mtoto wa mbali, na habari alizokuwa nazo zilikuwa za kuokoteza. Tangu hapo nimesoma, nimewauliza wazee wa ligi, na maneno kama yale nimeyasikia kwa watu wengi, Waswahili kwa Wamarekani. Nayajibu hapa kama nilivyopaswa kumjibu yeye.

“Ni kijiwe cha kutafutana”

Kuna punje ya kweli hapa, nayo ina historia yake. Miaka ya 1970, San Francisco na New York, timu nyingi za softiboli za mashoga zilidhaminiwa na baa. Jina la baa lilikuwa kifuani mwa jezi. Enzi hizo baa ndiyo ilikuwa karibu mahali pekee ambapo watu hawa wangeweza kukaa pamoja bila kujificha, na hata humo polisi walikuwa na mazoea ya kuvamia. Uwanja wa mpira ukawatoa gizani. Wakacheza juani, mbele za watu, mbwa na watoto wakipita. Na ndiyo, watu wamekutana uwanjani wakapendana. Kwaya za kanisani na harambee za harusi zimekutanisha wangapi?

Ila anayedhani mpira ni kisingizio aje aone tunavyopimwa kabla ya msimu. Kila mchezaji hujaziwa dodoso la ndiyo au hapana. Anaweza kuutupa mpira kutoka besi ya tatu hadi ya kwanza bila kugusa chini? Anaweza kupiga kuelekea upande anaoutaka? Alama hujumlishwa, na timu hupangiwa daraja lake, ili wanaojifunza wasikutane na mafundi. Anayeficha uwezo wake ili acheze daraja la chini hukatiwa rufaa. Nimeshuhudia watu wazima, mmoja wao daktari wa moyo, wakibishana nusu saa nzima juu ya alama moja.

“Ni fasheni ya juzi”

Klabu ya wakimbiaji Front Runners ilianza San Francisco mwaka 1974. Rodeo ya kwanza ya mashoga, yaani mashindano ya wachunga ng’ombe ya kupanda farasi na mafahali wakali, ilifanyika Reno, Marekani, mwaka 1976. Chama cha softiboli cha Amerika ya Kaskazini, NAGAAA, kiliundwa mwaka 1977 na mpaka leo ndicho kinachoendesha mashindano makuu ya mchezo huo kwa mashoga. Wapo wanaocheza leo ambao hawakuwa wamezaliwa, wala wazazi wao hawajaoana.

“Wamekimbilia huko kwa sababu kwingine hawawezi”

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tom Waddell, daktari aliyeanzisha Gay Games, michezo ya kimataifa ya mashoga, alishiriki dekathloni katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na kumaliza wa sita. Michezo kumi kwa siku mbili, na duniani kote ni watu watano tu waliomtangulia. Lakini alipoandaa michezo yake mwaka 1982, hakuweka kiwango cha kufuzu. Alitaka kila mtu ashindane na jana yake mwenyewe. Bingwa na mtu wa miaka 60 anayejifunza kuogelea waliandikishwa kwenye meza moja. Watu wakachukua ule mlango wazi kuwa dalili ya udhaifu, ilhali aliyeufungua alijua vizuri sana milango iliyofungwa inafananaje.

Halafu kuna Glenn Burke. Kila mtoto wa Tanga anayenyanyua kiganja na kusema “nipe tano” ana deni kwake bila kujua. Tarehe 2 Oktoba 1977, mchezaji wa timu ya besiboli ya Los Angeles Dodgers, Dusty Baker, aliupiga mpira ukavuka uzio, pigo lake la 30 la aina hiyo msimu ule. Alipokuwa anarudi, Burke, mwenzake wa timu, kijana mweusi aliyekuwa akisubiri zamu yake, alimpokea akiwa ameunyoosha mkono juu kabisa. Baker hakujua afanye nini na mkono ule, akaugonga kwa wake. Wengi huamini hapo ndipo salamu ile ilipozaliwa.

Burke alikuwa shoga, na ndani ya klabu ilijulikana. Mwenyewe alisimulia kwamba uongozi ulimwahidi pesa za fungate akikubali kuoa mwanamke. Alikataa. Mwaka 1978 akahamishiwa timu ya Oakland, ambako kocha alimtukana mbele ya wenzake kwa jina ambalo sitaliandika. Kufikia 1980 safari yake ya ligi kuu ilikuwa imekwisha, baada ya mechi 225. Akaenda kucheza softiboli kwenye ligi ya mashoga ya San Francisco. Akakimbia mbio kwenye Gay Games ya mwaka 1982, na mwaka 1986 akacheza humo mpira wa kikapu. Kwa hiyo yeye hakukimbilia huko kwa kushindwa. Alifukuzwa mahali alipokuwa anaweza, na ligi ile ndogo ikampa uwanja. Alifariki kwa ukimwi mwaka 1995.

“Waliiba jina la Olimpiki ili wajulikane”

Michezo ya 1982 ilikuwa iitwe Gay Olympic Games. Wiki tatu hivi kabla ya ufunguzi, Kamati ya Olimpiki ya Marekani ilipata amri ya mahakama kuzuia neno “Olympic”. Mabango, fulana na karatasi vilikuwa vimeshachapishwa. Watu wa kujitolea wakakaa chini wakalifuta neno hilo moja moja, na michezo ikaendelea bila jina lake. Kumbe nchini humo kulikuwa na “olimpiki” za polisi, za mbwa, hata za panya, na hazikuburuzwa mahakamani.

Waddell na wenzake walipigana mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na mwezi Juni 1987 wakashindwa kwa kura 5 kwa 4. Tarehe 11 Julai, siku 16 baada ya hukumu, ukimwi ukamwondoa Waddell. Alikuwa na miaka 49. Gay Games yenyewe haikufa. New York mwaka 1994 ilipokea wanamichezo zaidi ya 10,000, wengi kuliko walioshiriki Olimpiki ya Barcelona miaka miwili kabla.

“Utapata ukimwi kwa kucheza nao”

Virusi haviambukizwi kwa jasho, kwa kushikana mikono, kwa kuvaliana glovu wala kwa maji ya bwawa. Na mtu anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi hata mwenza wake anayelala naye, sembuse anayemtupia mpira. Ila hofu hiyo iliwahi kuwa sheria: kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi Januari 2010, Marekani iliwazuia wageni wenye virusi kuingia nchini, na mwaka 1994 ilibidi serikali itoe kibali maalumu ili wanamichezo hao waende New York.

“Ni mambo ya Wazungu”

Burke nimeshamtaja. Johannesburg, mwaka 2004, wanawake weusi wanaopenda wanawake waliunda timu ya soka iitwayo Chosen FEW. Wengi walitoka vitongoji ambako kujulikana tu kulitosha kupigwa au kubakwa, na wabakaji wakadai wanawarekebisha. Mwaka 2006 walisafiri hadi Chicago kucheza Gay Games. Miaka miwili baadaye, Aprili 2008, Eudy Simelane, kiungo aliyeichezea timu ya taifa ya Afrika Kusini, Banyana Banyana, na ambaye hakuficha kwamba anapenda wanawake, alibakwa na kuuawa kwa visu huko KwaThema, mtaani kwao. Alikuwa na miaka 31, na alikuwa anasomea urefa. Hakuwahi kuhitaji Mzungu kumfundisha alivyokuwa. Mwaka 2015 Johannesburg ikapata timu ya raga ya mashoga, Jozi Cats, na baadhi yao walipiga picha na jezi zao kando ya matusi waliyozoea kuitwa.

Na mtu akiniuliza mbona ligi hizi hazina ubao wa matangazo Dar, Mombasa au Kampala, jibu haliko kwenye damu zetu. Liko kwenye vitabu vya sheria. Kenya ni kifungo cha hadi miaka 14, Tanzania hadi maisha, na sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inafika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa. Nani ataandikisha timu hapo?

“Ni za mashoga peke yao, wengine hawaruhusiwi”

Nyingi si hivyo. Gay Games haimuulizi mtu analala na nani. Stonewall FC ya London, iliyoanzishwa mwaka 1991, hucheza ligi ya kawaida ya kaunti, Jumamosi kwa Jumamosi, dhidi ya timu za mafundi bomba na walimu. Kings Cross Steelers, klabu ya raga iliyozaliwa London mwaka 1995, nayo iko kwenye ligi za kawaida. Kombe kubwa la kimataifa la klabu za raga za mashoga linaitwa Bingham Cup, kwa heshima ya Mark Bingham, mchezaji raga shoga aliyekuwa miongoni mwa abiria wa ndege ya United 93 waliowakabili watekaji tarehe 11 Septemba 2001.

Lakini nitakuwa mwongo nikisema dhana hii haina mashiko popote. Softiboli yetu ilikuwa na kanuni: kila timu kwenye mashindano makuu isizidi wachezaji wawili wasio mashoga. Sababu yake naielewa. Watu waliofukuzwa kila mahali walipata uwanja wao, wakaogopa wenye nguvu wasije wakauchukua, na timu zingine zikaanza kusajili mafundi kutoka nje ili tu zitwae kombe. Tatizo ni kwamba kanuni ya namna hiyo inahitaji mtu wa kuhukumu, na moyo wa mtu hauna daftari.

Seattle, mwaka 2008, timu ya San Francisco iitwayo D2 ilifika fainali. Ikakatiwa rufaa kwamba imezidisha wasio mashoga. Kwa mujibu wa madai waliyoyafungulia kesi baadaye, wachezaji waliitwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye watu zaidi ya 25, wengi hawawafahamu, wakaulizwa wanavutiwa na nani. Waliojibu kwamba wanavutiwa na wanaume na wanawake hawakuwa na pa kuwekwa. Kamati ikapiga kura kuamua nani shoga na nani si shoga. Watatu wakatangazwa si mashoga, na timu ikanyang’anywa nafasi ya pili.

Fikiria chumba hicho. Watu waliokulia kwenye kuhojiwa, na wazazi, na mashehe, na makasisi, na polisi, sasa wao ndio wamekaa upande wa meza wanaouliza.

Watatu hao walikishtaki chama cha NAGAAA mwaka 2010. Mwaka 2011 jaji alikubali kwamba chama cha watu wachache kina haki ya kuchagua wanachama wake, na sehemu hiyo chama kilishinda. Lakini mwezi Novemba mwaka huo pande mbili zilimaliza kwa makubaliano. Chama kilieleza majuto, kikawarudishia D2 nafasi yao ya pili pamoja na kombe lake, na kanuni ilikuwa imeshabadilishwa ili wanaovutiwa na jinsia zote mbili na waliobadili jinsia wasiwekewe idadi tena.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilijaza upya fomu ya ligi ya mtaani kwetu, mezani jikoni, binamu yangu akisoma maswali kwa sauti. Jina. Tarehe ya kuzaliwa. Mtu wa kupigiwa simu ukiumia. Saizi ya jezi. Kisha maswali ya uwezo: je, unaweza kudaka mpira uliopigwa juu huku unakimbia kurudi nyuma? Akaniandikia “hapana” bila hata kuniuliza, na akageuza ukurasa. Nyuma hakukuwa na kitu ila mahali pa sahihi.