Konsoli ya brauza siyo kuhaki jamani

Juzi tena kijana mmoja kanionyesha skrinshoti ya matokeo yake ya fomu foo, Divisheni III imekuwa I, ananiambia "kaka nimehaki kwa konsoli", yaani eti ameingilia mfumo wa matokeo. Nishasikia hii mara nyingi mno, leo ngoja niandike.

Konsoli ni kile kisehemu ndani ya brauza (programu ya kufungulia tovuti) unachoandikia amri za JavaScript, lugha ya kuziamuru kurasa za tovuti, na ukurasa uliofungua unazitii hapo hapo. Chrome kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+J, Firefox ni Ctrl+Shift+K. Vimistari vichache unavyobandika pale vikufanyie kazi, mfano kutiki viboksi 200 kwa mpigo badala ya kubofya kimoja kimoja, ndo skripti ya konsoli. Basi, maana yake ni hiyo tu.

Sasa neno lenyewe. Asili yake Kifaransa, console ni ile mbao au jiwe linalotokeza ukutani kubeba shelfu au roshani. Baadaye likahamia kwenye vinanda vikubwa vya makanisani, pale anapokaa mpigaji na vibonyezo na pedali zake wakati mabomba yanayolia yako mbali huko juu. Halafu kompyuta zikalichukua, IBM walipotangaza System/360 mwaka 1964 konsoli ilikuwa meza ya opereta, ina swichi, taa na taipureta ya kuongea na mashine. Ya kwenye brauza watu wengi waliizoea kupitia Firebug, programu ya Joe Hewitt iliyotoka 2006 kwa ajili ya Firefox.

Nimeng'ang'ania historia kwa sababu kosa liko humo humo. Mpiga kinanda akigusa kibonyezo, bomba la juu linalia kweli na kanisa zima linasikia, na watu wanadhani konsoli ya brauza nayo iko hivyo, kwamba ukiandika kitu pale umegusa mabomba, yaani seva, ile kompyuta ya mbali inayotunza tovuti yenyewe. Hapana. Umegusa nakala ya ukurasa iliyoshushwa kwenye kompyuta yako. Jaribu mwenyewe, fungua ukurasa wowote, andika document.designMode = 'on' ubonyeze enta, kila neno linaharirika kama uko kwenye Word, futa kichwa cha habari, ongeza sifuri tatu kwenye salio, fanya unavyotaka. Halafu rifreshi. Yote yanarudi kama yalivyokuwa, kwa sababu seva haikuambiwa chochote. Ndo maana mwenye duka asikubali skrinshoti ya malipo hata iwe safi vipi, aangalie salio lake mwenyewe.

Ila kuna upande wa pili na huu naomba usomwe taratibu. Skripti ikiamua kutuma ombi kwa seva, inalituma kwa jina lako, kwa sababu umeshalogini, na seva haina namna ya kujua kwamba mistari ile umeandika wewe au umeikopi kwa mtu usiyemjua aliyekuahidi followazi. Ndo maana Facebook waliweka onyo kubwa ndani ya konsoli linalokuambia simama, na Firefox inakutaka uandike kwanza allow pasting ndo ikuruhusu kubandika. Hawakuweka hayo kuzuia wahaki, wameweka ili usijiibie mwenyewe kwa mkono wako. Skripti usiyoweza kuisoma mstari kwa mstari usiibandike, muulize anayejua kwanza.

Kwa hiyo mdogo wangu, ile Divisheni I hujaihaki, umehariri nakala yako. Sema hivyo tu, "nimehariri ukurasa kwenye brauza yangu", na wala siyo kitu kidogo, maana wengi hawajui hata hiyo konsoli inafunguliwaje.