GPS ikisema “sijui”, usukani unasikia? Dhana potofu kuhusu kupima GPS ya chombo

Fundi wa elektroniki za baharini akipanda boti huambiwa, “GPS nzima, fundi, mbovu ni usukani.” Boti ya pili huambiwa kinyume chake. Mara nyingi vyote viwili ni vizima, na kinachoumwa ni mazungumzo yanayopita kati yao kwenye waya mbili nyembamba. Otopailoti, ile mashine inayoshika usukani badala ya mtu, haitazami skrini ya GPS. Huletewa mistari ya herufi, mmoja baada ya mwingine, na kwa herufi hizo huamua kupinda au kutopinda.

Dhana: Skrini ikionyesha tulipo, basi data inayotoka ni nzuri

Meli ya abiria Royal Majesty iliondoka St. George's, Bermuda, adhuhuri ya tarehe 9 Juni 1995 kwenda Boston, Marekani, ikiwa na watu 1,509. Haikumaliza saa moja baharini, kebo ya GPS ikachomoka kwenye antena. GPS ililia kwa sekunde moja hivi, ikaandika herufi ndogo “DR” na “SOL” kwenye skrini, kisha ikaendelea kutoa latitudo na longitudo kana kwamba hakuna kilichotokea. Kumbe herufi zile zilimaanisha kwamba haisikii satelaiti tena. Ilikuwa ikikisia: inachukua mwelekeo kutoka kwenye dira ya jairo na kasi kutoka kwenye kipima mwendo, halafu inapiga hesabu ya mahali meli ingepaswa kuwa. Upepo, mawimbi na mkondo havikuwamo katika hesabu hiyo. Usiku wa tarehe 10, baada ya saa 34 hivi, meli ilipanda fungu la Rose and Crown, maili 10 hivi mashariki ya kisiwa cha Nantucket, ikiwa imeacha njia yake kwa maili 17. Hakuna aliyeumia, ila matengenezo na mapato yaliyopotea yalifika dola milioni 7 hivi.

Wengi wakisimulia kisa hiki husema GPS ilidanganya. Haikudanganya. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, NTSB, ilikuta kwamba katika kila ujumbe iliotuma, GPS ile ilikuwa imeweka alama ya kusema “data hii si halali”. Otopailoti ndiyo haikutengenezwa kuisoma alama hiyo. Na si kwamba haikuwa na kinga yoyote. Yenyewe ilikuwa ikikisia mahali pa meli kwa jairo na kipima mwendo, kisha inalinganisha na jibu la GPS, zikitofautiana ipige kengele. Lakini GPS nayo ilikuwa ikikisia kwa jairo lile lile na kipima mwendo kile kile. Wanafunzi wawili walionakili daftari moja. Mwalimu akaona majibu yanafanana, akawapa alama zote. Kifaa cha Loran-C, kinachopima mahali kwa mawimbi ya redio kutoka nchi kavu bila satelaiti, kilikuwa palepale kwenye chumba cha usukani, kizima, kikionyesha mahali pa kweli. Na kengele ya kipimakina ilikuwa imewekwa mita sifuri, yaani ingelia maji yakiwa yameshakwisha.

Miaka mingi imepita na vifaa vimebadilika, lakini ukifika kwenye boti iliyounganishwa GPS ya kiwanda kimoja na otopailoti ya kiwanda kingine, huna haki ya kudhani kwamba vinaelewana. Lazima uvipime pamoja.

Dhana: Namba ya hakiki ikiwa sahihi, ujumbe ni wa kweli

Vifaa vingi, hasa vya zamani kidogo, huzungumza kwa kanuni za NMEA 0183. Kila ujumbe huitwa sentensi: huanza kwa alama ya dola, na huishia kwa nyota na tarakimu mbili za hakiki. Tazama hizi mbili, ambazo nimezitunga kwa mfano wa mahali palipo Mombasa:

$GPGLL,0402.50,S,03940.20,E,061530,A*39

$GPGLL,0402.50,S,03940.20,E,061530,V*2E

Digrii 4 na dakika 2.50 kusini, digrii 39 na dakika 40.20 mashariki. Saa ni ya Greenwich, 06:15:30, ambayo kwetu ni saa tatu na robo asubuhi. Kila kitu kinafanana mpaka ile herufi moja kabla ya nyota. A maana yake data ni halali. V maana yake usiitegemee. Hesabu ya hakiki ni sahihi kwenye sentensi zote mbili, unaweza kuipiga mwenyewe. Namba hiyo inathibitisha kwamba herufi hazikuharibika njiani. Kuhusu kama chombo kipo hapo au hakipo, haina habari. Mjumbe amefikisha barua bila kuifungua. Yaliyoandikwa ndani ni juu ya aliyeandika.

Herufi hiyo ya hali inakaa sehemu tofauti katika kila sentensi, na hapo ndipo fundi mgeni hupotea. Kwenye sentensi ya aina ya RMC iko mara tu baada ya saa. Kwenye GGA si herufi bali ni namba: 0 ni hakuna kitu, 1 ni kipimo cha kawaida, 2 ni kilichosahihishwa, 6 ni makisio. APB, ambayo ndiyo sentensi iliyotungwa kwa ajili ya otopailoti, ina herufi mbili za hali mwanzoni. Kuanzia toleo la 2.3 baadhi ya sentensi ziliongezewa herufi nyingine mwishoni: A kwa kipimo cha kawaida, D kwa kilichosahihishwa, E kwa makisio, S kwa hali ya mazoezi, N kwa isiyofaa. Kwa kanuni, ikiwa si A wala D, herufi ya hali lazima iwe V. Ni kanuni ya karatasini. Ndiyo maana kuna sufuria.

Dhana: Kupima GPS ni kuiwasha na kuona inafanya kazi

GPS inayofanya kazi hata mtoto ataiona. Kinachopaswa kupimwa ni tabia yake ikikosa satelaiti. Kwa hilo chombo changu cha kupimia ni sufuria ya alumini, ile ile ya wali, yenye mdomo mpana kuliko antena, pamoja na karatasi ya foili ya kuziba mwanya wa chini. Mawimbi ya satelaiti yanatoka kilomita 20,200 juu, na yakifika hapa ni hafifu kupita kiasi, kwa hiyo chuma chembamba tu kinatosha kuyazima. Ndoo ya plastiki haifai, yanaipenya.

Fanya kazi hii chombo kikiwa kimefungwa gatini au kwenye boya, kamwe si kwenye mlango wa bandari. Unganisha laptopu na waya za data kwa kibadilishaji cha RS-422 kwenda USB, fungua programu yoyote inayoonyesha herufi zinazopita. OpenCPN, ambayo ni ya bure, ina dirisha la kazi hiyo. Weka alama ya safari kwenye GPS, iamuru iifuate, na otopailoti iwe kwenye hali ya kufuata njia. Acha dakika kumi usome sentensi zikiwa nzima. Kisha funika antena.

Usiangalie skrini ya GPS kwanza. Angalia laptopu, na mkono mmoja uwe kwenye swichi ya otopailoti. Kuna boti ambamo ndani ya nusu dakika A zote zinageuka V, otopailoti inapiga kelele, inarudi kushika mwelekeo wa dira, na kila mtu anafurahi. Kuna ambamo GPS inanyamaza kabisa, haitumi chochote. Hilo si baya ikiwa otopailoti inalalamika kwa kukosa data. Likiwa baya, utaona mashine inashikilia amri ya mwisho iliyoipata. Nimewahi kukuta ya tatu, ambayo ndiyo inayoninyima usingizi: V inaonekana wazi kwenye laptopu, na mkono wa usukani unaendelea kwenda huku na huku kwa utulivu kabisa. Mwenye boti aliniuliza kama imefaulu. Hapo unaandika kwenye daftari la chombo, kwa herufi kubwa, kwamba otopailoti hii haisomi V, na hali ya kufuata njia isitumike bila mtu mwenye macho.

Baada ya hapo funua, subiri ipate satelaiti, halafu chomoa waya wa data wenyewe. Ni ugonjwa mwingine na una kengele yake. Ukichoka, jua kwamba umefanya zaidi ya walichofanya mafundi wengi waliofunga vifaa hivyo.

Dhana: Boti ikienda mrama, GPS ndiyo mbovu

Katika hali ya kawaida otopailoti haiihitaji GPS hata kidogo. Inashika mwelekeo kwa dira yake yenyewe. GPS inaingia pale tu unapoiambia ifuate njia. Hapo inapokea umbali ambao chombo kimeacha mstari, upande wa kurudi, na mwelekeo wa kituo kinachofuata. Basi anza kwa kuzima hali ya njia. Boti ikiendelea kuyumba kama mlevi, iache GPS, nenda ukatafute kilicho karibu na dira: spika, sanduku la vifaa, nanga ya akiba iliyosogezwa wakati wa kufagia. Na ukiwa umesimama au unatambaa, usishangae GPS kuonyesha mwelekeo wa kila upande. Inajua unakoelekea kwa kusogea kwako. Usiposogea, haina cha kusema.

Dhana: Washa sentensi zote, otopailoti itachagua inayoitaka

Hapa hesabu ya sokoni inatosha. NMEA 0183 ya kawaida hupitisha herufi 480 kwa sekunde, na sentensi moja inaruhusiwa kufika herufi 82. Kwa hiyo sentensi ndefu tano zinapita, ya sita haitoshei. Mtu anawasha RMC, GGA, GLL, VTG, GSA, GSV tatu, RMB, APB, XTE na BOD, zote kila sekunde, na GPS inaanza kurundika foleni au kuruka baadhi. Otopailoti inapokea umbali wa mstari uliochelewa. Inapinda kwa kosa la zamani, inapitiliza, inarudi. Chombo kinachora nyoka baharini na watu wanabadilisha pampu ya usukani. Kitabu cha otopailoti kimeandika sentensi inazozihitaji, mara nyingi mbili au tatu. Zima nyingine.

Na waya hizo ni za msemaji mmoja. Wasikilizaji wanaweza kuwa kadhaa, lakini GPS mbili zikifungwa kwenye jozi moja ya waya, hakuna itakayosikika.

Dhana: Testa ikionyesha voltu, data inapita

Inaonyesha kuna umeme. Waya mbili za data, zinazoitwa A na B, zikiwa zimegeuzwa, voltu zitacheza vilevile na laptopu itaonyesha takataka.

Dhana: Kulia na kushoto haviwezi kukosewa

Umbali wa kuacha mstari huja na herufi L au R, na herufi hiyo inasema upande wa *kupindia*, si upande ulioangukia. Wapo wanaosoma kinyume wakati wa kupima, wakaigeuza otopailoti nzima. Chora njia, sogea kushoto mwa mstari kwa makusudi, utazame: lazima isome R na usukani uende kulia.

Dhana: Mfumo mpya wa NMEA 2000 hauna mambo haya

Una mengine. Kasi yake ni kubwa zaidi, biti 250,000 kwa sekunde, na waya zake huhitaji kizuizi cha omu 120 kila mwisho, kwa hiyo ukizima umeme na kupima kati ya waya mbili za data unapaswa kuona omu 60 hivi. Ukiona 120, kizuizi kimoja hakipo. Shida inarudi pale kunapofungwa kisanduku cha kutafsiri kati ya mfumo mpya na otopailoti ya zamani. Kwenye tafsiri ndiko herufi ya hali inakoweza kupotea, basi sufuria irudi juu ya antena.

Dhana: Imefaulu leo, imefaulu

GPS huhesabu wiki kwa namba inayorudi sifuri kila baada ya wiki 1,024. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena tarehe 6 Aprili 2019, na vifaa vya zamani vikajikuta karibu miaka 20 nyuma. Kwa hiyo soma pia tarehe iliyo ndani ya RMC.

Hitilafu za chumvi ndizo zinazochosha. Soketi ya antena ikiingia kutu inakatika dakika mbili saa nane usiku, umande ukiwa mwingi, na asubuhi jua likikausha inapona. Hiyo huipati kwa kukaa nusu saa. Iache laptopu irekodi usiku kucha, na kabla ya kulala washa injini mara tatu ili uone kama GPS inazimika betri inapovutwa, kisha bonyeza redio ya VHF uzungumze kidogo, uone kama inaivuruga. Faili la saa 12, hata waya ukiwa umejaa muda wote, halifiki megabaiti 21. Asubuhi, tafuta ndani yake V kwenye nafasi ya hali, mapengo ya zaidi ya sekunde mbili, na kasi ya noti tano ya boti iliyolala imefungwa.