Pori la mjini ni nini hasa, na mipango miji inalilindaje

Ukitaja pori la mjini, watu wengi wanafikiria kiwanja kilichotelekezwa, nyasi zimefika kiunoni, takataka zimejaa na ikishafika saa moja usiku hakuna anayekatiza hapo kwa kuogopa vibaka. Hapana, silo hilo. Pori la mjini ni kipande cha uoto wa asili uliokuwepo kabla mji haujaja, mji ukajengwa ukakizunguka, chenyewe kikabaki kati ya nyumba na barabara. Hakuna mtu aliyekipanda. Ndo maana sio bustani wala paki, maana paki hata mwakani mkipata hela mnatengeneza nyingine, ila pori likishafyekwa likamwagwa zege hakuna duka linaloliuza.

Sehemu iliyoiandika hii dhana kisheria vizuri ni Sydney kule Australia, kwa hiyo naelezea kupitia hapo. Mji ule umekaa juu ya mawe ya mchanga, una mabonde mengi yenye miteremko mikali, na kwenye miteremko hiyo kujenga kulikuwa kugumu, basi mapori yakabaki nyuma ya mitaa ya watu mpaka leo: mikaratusi mirefu juu, vichaka katikati, chini kabisa nyasi na makangaga.

Wananchi ndo walitangulia kuyapigania. Mwaka 1971 kuna kipori kinaitwa Kelly's Bush, mtaa wa Hunters Hill, kampuni ya ujenzi ilitaka kukijenga nyumba. Wanawake 13 wa mtaa ule wakahangaika na barua na vikao, walipoona serikali haiwasikii wakaenda kwa chama cha wafanyakazi wa ujenzi kilichokuwa kinaongozwa na Jack Mundey, na wale mafundi na vibarua, watu ambao ugali wao unatokana na kujenga, wakagoma kulijenga pori lile. Unaambiwa ndo mgomo wa kwanza wa kijani, yaani wafanyakazi kugoma ili kulinda mazingira. Kelly's Bush ipo mpaka leo na ni mali ya umma. Mimi hii stori inanigusa sana, lakini ukweli ni kwamba huwezi kusubiri mgomo kwa kila kipori, inabidi ulinzi uandikwe kwenye utaratibu wenyewe wa kupanga mji.

Ndo ikaja 1986 sera ya jimbo la New South Wales, lile ambalo Sydney imo ndani yake, ile Sera ya Mipango ya Mazingira Namba 19, mahususi kwa mapori ya maeneo ya mjini. Inaitwa sera ila ina nguvu ya sheria, na iko juu ya ramani ya halmashauri, yaani halmashauri za Sydney zilizotajwa humo haziwezi kupanga eneo lao kama vile haipo. Hifadhi za taifa haikuzigusa, hizo zina sheria zake. Hii ilikuwa kwa ajili ya vile vipande vidogo vya mtaani ambavyo havina mwenyewe wa kuvisemea.

Kitu cha kwanza ilichofanya ni kusema pori ni nini. Ni ardhi yenye uoto uliosalia kutoka ule wa asili, au kama umeshaguswa basi bado unafanana na wa asili kwa mpangilio wake na kwa aina za mimea. Hapo kwenye mpangilio na aina ndo penye utamu. Mpangilio maana yake zile ngazi, miti, vichaka, nyasi. Sasa mtu akija akafyeka vichaka vyote akabakiza miti mikubwa juu na ukoka wa kukatwa kwa mashine chini, akakwambia si nimeacha miti, jibu lipo kwenye maana yenyewe, miti peke yake sio pori.

La pili ni kibali. Pori likiwa kwenye ardhi ya wazi ya umma hakuna kuligusa bila kibali cha halmashauri, na halmashauri yenyewe haitoi mpaka iridhike kwamba kazi hiyo ni ya lazima kwa manufaa ya umma, kwamba hakuna njia nyingine inayofaa, na kwamba kinachoharibiwa ni kidogo iwezekanavyo, kazi ikiisha uoto unarudishwa. Kuna vitu viliachiwa nafasi, nyaya za umeme, mabomba, kupunguza hatari ya moto kwa kufuata mpango. Pia kuna mlango ambao mimi naona ni mpana mno: halmashauri ikipanga matumizi ya ardhi inatakiwa itangulize kuhifadhi pori, isipokuwa kama faida kubwa za kimazingira, kiuchumi au kijamii zinazidi thamani ya pori. Sasa nani anapima? Mwenye mradi anakuja na mahesabu yake kwenye makaratasi, pori halina mhasibu.

Lakini kifungu ninachokipenda mimi ni kile cha majirani. Ukiomba kujenga kwenye ardhi inayopakana na pori, anayekupa kibali lazima aangalie ujenzi wako utalifanya nini lile pori: udongo kumomonyoka, mito kujaa tope, magugu kusambaa. Yaani sheria imekufuata mpaka ndani ya uzio wako, na ni sahihi kabisa, maana pori la mjini haliuliwi na greda peke yake, linaliwa kuanzia pembeni, taratibu, hakuna anayeona.

Angalia inavyokuwa. Udongo wa mawe ya mchanga ya Sydney ni maskini, una fosforasi, kile kirutubisho cha mimea kilichomo kwenye mbolea, kidogo sana, na mimea ya pale imeuzoea umaskini huo, kuna mingine kama banksia fosforasi ikizidi inadhurika. Sasa mvua inanyesha, maji yanatoka kwenye mabati, barabara na bustani zilizowekwa mbolea, yanaingia mtaroni, mtaro unamwaga porini. Udongo unanenepa, mimea ya kigeni inayopenda shibe inashika. Halafu jirani kakata majani ya bustani, anayarusha nyuma ya uzio akijua yataoza. Ndani yake kuna tradeskantia, ile inayotambaa yenye kimaua cheupe, na kipande cha shina cha urefu wa kidole kinatosha kuota mizizi, miaka michache tu imetandaa kama mkeka, mbegu za asili zilizo chini hazipati pa kutokea.

Ndo maana sera ikataka pori la umma liwe na mpango wa usimamizi, maana kuliacha tu sio kulilinda. Na namna ya kulihudumia kuna ndugu wawili, Joan na Eileen Bradley, waliifanyia kazi porini huko huko Sydney miaka ya 1960. Usianzie palipoharibika zaidi, anzia penye uzima uende kwenye ugonjwa, ng'oa gugu kwa mkono, rudisha majani makavu juu ya udongo pale ulipong'oa, na usiende haraka kuliko mimea ya asili inavyorudi yenyewe. Ukifyeka eneo kubwa kwa siku moja umeyafungulia magugu uwanja.

Mwaka 2021 serikali ya jimbo ilikusanya sera zake nyingi, na hii ikaingizwa ndani ya sera kubwa ya bayoanuai, yaani wingi wa aina za viumbe, na uhifadhi.

Kwa sisi wa huku mfano wa karibu ni Karura, Nairobi, hekta zaidi ya 1,000, ule msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe viwanja. Huko nako wanang'oa lantana, kile kichaka chenye vimaua vya rangi mchanganyiko, adui yule yule wa Sydney, maana asili yake ni Amerika na kote kote ni mgeni. Ila mkaratusi, ambao Sydney unalindwa kwa sheria kwa sababu pale ni kwao, Karura ulipandwa kwa ajili ya mbao na kuni, na sasa unapunguzwa ili miti ya asili ya pale irudi.