Kupenya kwenye foleni: tazama mshale wa spidi kwanza

Jumamosi iliyopita mzazi mmoja alimleta kijana wake nimfundishe pikipiki. Hata bei hatujaelewana, akanishika mkono. "Mwalimu, nakuomba kitu kimoja tu. Mfundishe asipenye katikati ya magari. Foleni ikisimama, naye asimame nyuma ya gari kama watu wengine." Nikamjibu, "Mzee wangu, hilo sitamfundisha." Hakufurahi. Ombi hili nalisikia kila mara, na kila anayelileta anaamini kwamba nyuma ya gari ndiko kwenye usalama.

Twende Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, karibu na Tazara, saa kumi na moja jioni. Mbele yako kuna lori la kontena. Nyuma yako linakuja jingine limetoka bandarini, dereva amekaa juu kabisa, na taa yako ya nyuma, ndogo kuliko kiganja, imepotea chini ya kioo chake. Akichelewa kushika breki, gari dogo lingebonyea buti. Wewe huna buti, una mgongo.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichambua waendesha pikipiki 5,969 waliopata ajali katika jimbo hilo, ambako kupenya kumezoeleka miaka mingi na sheria ikakutambua rasmi kuanzia 2017. Watu 997 kati yao walikuwa wakipenya. Waliogongwa kwa nyuma walikuwa asilimia 2.6 ya wapenyaji, na asilimia 4.6 ya wasiopenya. Waliofariki: asilimia 1.2 ya wapenyaji, na asilimia 3 ya wasiopenya.

Sasa madereva wangu wa bodaboda wasishangilie. Utafiti huohuo ulikuta kwamba wapenyaji ndio waliogonga zaidi gari lililo mbele yao, asilimia 38 dhidi ya 16. Na watafiti waliona kupenya ni salama kiasi pale tu magari yasipozidi kilomita 80 kwa saa na pikipiki isiyazidi kwa zaidi ya kilomita 24. Hiyo 24 ndiyo ninayotaka ikae kichwani, kwa sababu watu huniuliza "nikimbie ngapi" wakati swali ni unayazidi magari ya pembeni kwa ngapi.

Chukua magari yaliyosimama. Unapita katikati kwa 20. Mlango unafunguka. Mpaka akili ishtuke na breki zikamate, umekula kama mita nane, hazifiki urefu wa magari madogo mawili. Pita kwa 40, mwendo ambao vijana wangu wanauita wa polepole, na unahitaji zaidi ya mita 20. Spidi imezidi mara mbili, umbali karibu mara tatu. Halafu dereva wa gari hana kosa kubwa: alitazama saitimira, hukuwepo, akageuza shingo, ukawa umefika. New South Wales kule Australia waliporuhusu kupenya mwaka 2014 waliweka kikomo cha kilomita 30 kwa saa, na ninawaelewa.

Kwa hiyo foleni ikianza kutembea na kufika 40, rudi kwenye leni yako. Kupenya kumekwisha. Kupita kulia ukikutana uso kwa uso na magari, au kuingia njia ya mwendokasi, ni jambo jingine kabisa na sina muda wa kulijadili: usifanye. Kati ya lori na basi usiingie hata kama upenyo ni mpana. Indiketa usiisubiri, madereva wengi hawaiwashi. Tazama tairi la mbele, linaanza kugeuka kabla bodi haijasogea. Na leni ya pembeni ikipata nafasi mbele, jua kuna mtu anataka kuchomekea sasa hivi.

Kuna jambo linalonisumbua. Takwimu zile ni za watu waliokwisha kuanguka. Haziwezi kutuambia kama kupenya kwenyewe kunaongeza uwezekano wa kuanguka. Tena wapenyaji wa California walivaa helmeti bora zaidi na walikuwa wamekunywa pombe kwa nadra kuliko wenzao, kwa hiyo sehemu ya unafuu huenda ni tabia yao. Na barabara zile hazina machinga.

Mimi nilimgonga mmoja pale Ubungo. Nilikuwa kwenye 20, macho kwenye vioo na matairi kama ninavyofundisha. Taa ikaruhusu, magari yakaanza kusogea, na kijana wa korosho akarudi kinyumenyume katikati ya magari mawili, akihesabu chenji ya abiria. Usukani ulimpata kwenye kiwiko. Pakiti zilitapakaa lami nzima, naye alikaa chini akiushika mkono, anaziangalia zinavyokanyagwa. Mfupa ulikuwa mzima, tulihakikisha hospitali, lakini sijaisahau sura yake.

Tangu siku hiyo 20 naiona kubwa pale foleni inapoanza kufunguka, nashuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Na wanafunzi nawaongezea kitu cha kutazama: mkono uliotoka dirishani na noti. Gari likisogea, kuna mtu atakayeukimbilia.