Tiketi ya msimu wa besiboli: hesabu ya viti viwili, na malalamiko yanayokula faida

Kila timu ya MLB, ligi kuu ya besiboli ya Marekani, hucheza mechi 162 kwa msimu, 81 kati ya hizo nyumbani. Aliyenunua tiketi ya msimu ya viti viwili ana tiketi 162 mkononi kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Hakuna familia yenye kazi na shule inayoweza kukaa uwanjani mara 81, kwa hiyo mwenye viti hivyo ni mfanyabiashara, apende asipende. Tiketi nyingi ataziuza mtandaoni, na panapouzwa kitu mtandaoni pana mnunuzi atakayelalamika.

Swali ninaloulizwa zaidi na wenzetu wanaoishi Marekani, hasa wanaotaka kuchanga watu wanne wanunue viti pamoja, ni kama viti "vitajilipa". Jibu langu kwa kawaida ni hapana, na ni bora tulione kwa namba.

Tuchukue viti viwili vya dola 30 kila kimoja kwa mechi. Tiketi 162 mara 30 ni dola 4,860. Bei hizi ni za mfano tu, lakini sura ya msimu hufanana karibu kila uwanja. Tuseme mechi 15 ni kali: siku ya ufunguzi, timu maarufu kama Yankees au Dodgers wakija, Jumamosi za Julai, usiku wa fataki. Mechi 40 ni za kawaida. Zilizobaki 26 ni dhaifu, zile za Jumanne ya Aprili, baridi ya nyuzi 6, kesho watoto wana shule, na mgeni ni timu inayoburuta mkia. Tiketi ya mechi kali iuzike dola 55, ya kawaida dola 26, dhaifu dola 8, na nusu ya tiketi dhaifu zikose mnunuzi kabisa. Soko la mtandaoni limkate muuzaji asilimia 15.

Familia ya kwanza inakwenda mechi 21 na kujiwekea zile tamu: 12 kali na 9 za kawaida. Inabaki na tiketi 6 kali, 62 za kawaida na 52 dhaifu za kuuza. Mauzo ni dola 2,150, na makato yakitoka zinabaki 1,827.50. Ukizitoa kwenye 4,860, familia imelipa dola 3,032.50 kwa tiketi 42 ilizotumia, yaani dola 72.20 kila moja. Tiketi zilezile, zikinunuliwa mojamoja sokoni na mnunuzi akaongezewa ada ya asilimia 30, zingegharimu dola 2,324.40.

Familia ya pili ina nidhamu. Inakwenda mechi moja kali na 20 dhaifu, inauza zote nyingine. Mauzo ni dola 3,668, baada ya makato 3,117.80. Imelipa dola 1,742.20, sawa na 41.48 kwa tiketi. Ni nafuu kuliko ya kwanza, lakini kumbuka inalipa dola 41 kukaa kwenye mechi ambazo jirani yake amenunua kwa dola 10 na senti 40, yaani dola 8 pamoja na ada.

Ili usipate hasara kwenye tiketi ya dola 30, inakubidi uuze kwa dola 35.29, kwa sababu asilimia 85 ya hiyo ndiyo 30. Hapo bado hujahesabu tiketi iliyooza. Kwa nini basi watu wananunua? Sababu yenye nguvu ni moja: timu ikiingia mechi za mtoano za Oktoba, mwenye tiketi ya msimu hupewa nafasi ya kununua viti hivyo mapema, kwa bei ya timu. Mechi chache za Oktoba zinaweza kuziba shimo lote la Aprili. Timu isipofika huko, shimo linabaki wazi. Anayenunua tiketi ya msimu anaweka pesa yake juu ya ubora wa timu, na ni vizuri alijue hilo tangu mwanzo.

Mnaochanga wanne, msigawane kwa tarehe. Pigeni kura kujua nani wa kwanza hadi wa nne, kisha mchague mechi kwa zamu: 1, 2, 3, 4, halafu 4, 3, 2, 1, na kuendelea hivyo. Kila mmoja anapata 20 na moja inabaki. Hiyo uzeni mlipie maegesho.

Kuhusu kupanga bei, tiketi ni kama samaki mbichi: mechi ikiisha, haina thamani. Mechi kali iweke sokoni mapema na usikimbilie kushusha. Mechi dhaifu anza kuishusha siku tatu kabla, na siku yenyewe usione aibu kukubali dola 5. Tena timu yenyewe ni mshindani wako. San Francisco Giants walianza kubadilisha bei kulingana na mahitaji mwaka 2009 kwa sehemu ndogo ya viti, na 2010 wakaeneza utaratibu huo uwanja mzima. Zikafuata timu nyingi. Kwa hiyo fungua ukurasa wa timu uone sehemu yako inauzwaje leo, kabla hujapanga bei. Fungua pia tangazo lako mwenyewe bila kuingia kwenye akaunti. Tangu tarehe 12 Mei 2025, kanuni ya tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani inalazimisha bei ya tiketi kuonyeshwa pamoja na ada za lazima. Dola 26 uliyoandika wewe, mnunuzi anaiona 33 au 34, na hiyo ndiyo anayoilinganisha na ya timu.

Sasa malalamiko. Kanuni ya kwanza ya masoko haya ni kwamba mnunuzi ndiye anayelindwa. Ukishindwa kupeleka tiketi, soko humtafutia nyingine, na gharama inaweza kutolewa kwenye kadi yako, hata ikizidi bei uliyouzia wewe. Tiketi ya dola 26 inaweza kukugharimu 90. Hiyo ni faida ya mechi nyingi kwa kosa moja.

Kosa linaloleta balaa hilo mara nyingi ni kutangaza kiti kimoja kwenye masoko mawili. SeatGeek, iliyoteuliwa kuwa soko rasmi la MLB kuanzia 2023, imeunganishwa na mfumo wa tiketi, hivyo kiti kikiuzwa msimbo wa zamani, ule unaosomwa langoni, hufutwa na mnunuzi hutolewa mpya. Soko la pili lisilounganishwa halijui lolote. Usiku wa manane kiti kinauzwa mara ya pili, na asubuhi una wanunuzi wawili na tiketi moja. Tumia soko moja kwa kila mechi. Ukitaka kuhama, futa tangazo la kwanza, subiri lipotee kabisa, ndipo uweke la pili.

Kosa la pili ni kutuma tiketi vibaya. Tiketi za MLB hukaa ndani ya programu ya MLB Ballpark na hufungwa kwenye anwani ya barua pepe. Soko likikupa anwani ya mnunuzi, nakili na ubandike, usiichape kwa mkono. Nukta moja ikipotea tiketi imekwenda kwa mtu mwingine. Tuma siku hiyohiyo ya mauzo. Kisha rudi uangalie hali yake: "imetumwa" si sawa na "imepokelewa". Isipopokelewa ndani ya siku moja, mwandikie mnunuzi kupitia soko, si kwa simu yako binafsi, kwa sababu ujumbe wa nje ya soko hauna uzito kesi ikifunguliwa. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba ya oda, sehemu, safu, kiti na saa ya kutuma. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kazi hii daftari ni picha hizo.

Usikubali kamwe kumtumia mtu picha ya tiketi. Kwa tiketi nyingi za simu siku hizi, msimbo hubadilika kila baada ya sekunde chache. Tazama skrini utaona mstari ukitembea juu yake. Picha ya jana haifungui mlango leo. Na mwambie mnunuzi afungue tiketi yake kabla hajafika langoni, maana watu elfu 40 wakikusanyika, mtandao wa simu huzidiwa, na anayekwama pale hukulaumu wewe.

Kosa la tatu ni maelezo ya kiti. Fenway Park ya Boston ilifunguliwa 1912 na Wrigley Field ya Chicago 1914. Zote mbili zina nguzo za chuma katikati ya viti. Kama nguzo inakata mstari wa macho kati ya kiti na kilima cha mrushaji, iandike, hata kama soko halikuulizi. Kiti chenye maelezo ya kweli kinauzwa dola chache chini, lakini hakirudi kama malalamiko. Andika pia habari ya jua. Viwanja vingi vimeelekezwa ili mpigaji asipigwe na jua la alasiri, kwa hiyo upande wa besi ya tatu, yaani kushoto ukitazama kutoka kwa mpigaji, hupata kivuli mapema, na viti vya mbali upande wa kulia huliangalia jua usoni. Mechi ya saa saba mchana mwezi Agosti, hilo ni jambo la afya kwa mwenye mtoto mdogo.

Halafu mvua. Malalamiko ya mvua yote yanasimama juu ya maneno mawili: imeahirishwa au imefutwa. Mechi iliyoahirishwa, tiketi inahamia tarehe mpya, na kwa kawaida masoko hayarudishi pesa, hata kama mnunuzi alikuja kwa ndege na hawezi kurudi. Mechi iliyofutwa bila kupangwa upya, pesa hurudishwa. Mechi iliyokatizwa na mvua baada ya inningi tano, yaani vipindi vitano kati ya tisa, imekamilika kisheria (nne na nusu zinatosha kama wenyeji wanaongoza), na hakuna anayedai kitu. Mnunuzi mwenye hasira atakuandikia wewe kwanza. Mjibu kwa upole, mweleze tarehe mpya, lakini usimrudishie pesa kwa mkono wako. Ukimlipa kando na baadaye soko likamlipa pia, utakatwa mara mbili. Mechi ikihamishiwa kwenye siku ya mechi mbili, soma tangazo la timu: wakati mwingine tiketi moja inaingia zote mbili, wakati mwingine uwanja unasafishwa na kila mechi ina tiketi yake.

Wapo wanaofidia hasara kwa kuuza zawadi za mlangoni, hasa bobohedi, sanamu ndogo za wachezaji zenye kichwa cha kutikisika. Tarehe 28 Agosti 2024 Dodgers waligawa sanamu 40,000 za mchezaji wao Shohei Ohtani akiwa na mbwa wake Decoy. Siku kama hiyo, linganisha bei ya tiketi na bei ya sanamu. Mara nyingine kwenda mwenyewe kunalipa kuliko kuuza kiti.

Lakini sanamu ina shingo ya springi, na springi ndiyo inayoleta kesi kwenye eBay, soko la mtandaoni ambako sanamu hizi huuzwa. Ikisafiri bila kuzuiwa, kichwa kinagonga mabega mpaka rangi inabanduka. Acha sanamu ndani ya ganda lake la povu, jaza karatasi laini kati ya kidevu na kifua, weka boksi lake ndani ya boksi lingine, na pande zote sita acha nafasi ya inchi mbili za vifyonza mshtuko. Piga picha mbele, nyuma, chini na shingoni kabla ya kufunga. Mnunuzi ana siku 30 tangu kupokea kusema kitu hakilingani na maelezo. Akifungua madai, una siku 3 za kazi za kujibu kabla hajaiomba eBay iingilie. Anayedai hakupokea mzigo hushindwa kwa namba ya ufuatiliaji inayoonyesha umefika kwenye anwani ya oda, na oda ikifika dola 750 lazima pawe na saini ya mpokeaji. Ukipuuza zile siku tatu unaweza kushindwa, hata kama haki ni yako.

Mnunuzi anaweza pia kwenda benki yake badala ya soko, na huko muda ni mrefu zaidi, mara nyingi hadi siku 120. Kwa hiyo usifute picha msimu unapoisha. Zitunze hadi Machi.

Mwisho ni kodi. Soko hutuma fomu ya kodi 1099-K, kwako na kwa mamlaka ya kodi, mauzo ya mwaka yakizidi dola 20,000 na miamala ikizidi 200, kiwango kilichorudishwa na sheria ya 2025, na baadhi ya majimbo yana kiwango cha chini zaidi. Fomu huonyesha mauzo ghafi, kabla ya makato. Tunza ankara ya timu: ndiyo pekee inayoonyesha kwamba tiketi uliyouza dola 26 uliinunua dola 30.